Kupima nyenzo chini ya mizigo ya ghafla: mashine ya haidroliki, mnara wa kudondosha uzito, au fimbo za Hopkinson?

Jaribio la kawaida la kuvuta kipande cha chuma hadi kikatike huchukua dakika kadhaa, na takwimu zinazotokana nalo ndizo zinazojaza majedwali ya wahandisi. Gari linapogonga ukuta, chuma hicho hicho hulazimika kujikunja ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, na tabia yake haiwi tena ile iliyoandikwa kwenye jedwali. Chuma laini chenye kaboni kidogo kinaweza kuhitaji karibu mara mbili ya mkazo (kani kwa kila eneo) wa kawaida ili kianze kubadilika umbo kabisa pale kasi ya mzigo inapoongezwa mara milioni moja, ilhali baadhi ya aloi za alumini hazioneshi tofauti kubwa katika upeo huo huo, na plastiki nyingi huongezeka nguvu huku zikipoteza uwezo wa kunyumbuka kabla ya kuvunjika. Hakuna kanuni moja ya kuzidisha inayoweza kugeuza takwimu za jaribio la polepole ziwe za jaribio la kasi, kwa hiyo hakuna njia isipokuwa kupima. Swali linalobaki ni kupima kwa chombo gani, na ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayepaswa kuamua hilo kabla ya kununua mashine, kujenga yake mwenyewe, au kupeleka sampuli katika maabara ya watu wengine.

Kipimo kinachotumika kulinganisha majaribio haya si kasi ya mashine bali kasi ya mgeuko. Mgeuko ni uwiano wa badiliko la urefu kwa urefu wa awali wa sampuli, na kasi yake huandikwa kwa kila sekunde. Sampuli yenye urefu wa kupimia wa milimita 20, ikivutwa kwa mita 2 kwa sekunde, hugeuka kwa kasi ya 100 kwa sekunde. Ukiifupisha sampuli hiyo iwe milimita 5 bila kubadilisha mashine, kasi inakuwa 400. Jaribio la kawaida la maabara huwa karibu na 0.001 kwa sekunde. Mabati ya gari wakati wa ajali hufikia mamia kadhaa kwa sekunde katika sehemu zinazojikunja zaidi, na risasi au mlipuko huleta makumi ya maelfu na kuendelea. Namba hii ndiyo ya kwanza ambayo mteuzi anapaswa kuijua kuhusu kazi yake, na inashangaza ni mara ngapi watu huanza kuzungumzia mashine kabla ya kuikadiria.

Namba hiyo peke yake haitoshi. Kufanya kitu kiende haraka si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kupima kani wakati kinaenda haraka. Katika fimbo ya chuma, wimbi la mkazo husafiri kwa takriban mita 5,000 kwa sekunde, maana yake hupita urefu wa mita 1 kwa muda wa milisekunde 0.2. Sampuli inayokatika ikiwa imerefuka kwa asilimia 20, kwa kasi ya 100 kwa sekunde, hudumu milisekunde 2, na katika muda huo mawimbi huweza kwenda na kurudi ndani ya mashine mara kadhaa hadi kani isomeke vizuri. Ukipandisha kasi hadi 1,000, jaribio zima linadumu milisekunde 0.2, yaani linakwisha wakati wimbi la kwanza limepita mita moja tu ya mashine. Kihisi cha kani hapo hakipimi tena sampuli. Kinapima mitikisiko ya chuma kilichokizunguka. Kwa maoni yangu, tofauti za msingi kati ya njia zinazolinganishwa hapa zote zinatokana na jambo hili moja: kila njia ina namna yake ya kushughulika na mawimbi hayo, na anayeielewa namna hiyo anajua pia mahali ambapo njia husika itaanza kumdanganya.

Mashine ya haidroliki ya kasi kubwa

Mashine hii ni ndugu wa ile ya kawaida. Mafuta yenye shinikizo kubwa, yaliyowekwa akiba katika matangi ya shinikizo, huachiliwa na vali za servo (zinazoongozwa kwa ishara za umeme) na kusukuma pistoni ambayo katika mashine kubwa hufikia kasi ya mita 20 kwa sekunde hivi. Faida yake kubwa ni kwamba mashine moja inaweza kufanya jaribio la polepole na la kasi kwa sampuli ya umbo lile lile, kwa vishikio vile vile, kutoka sehemu ndogo ya 1 kwa sekunde hadi mia kadhaa kwa sekunde. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana katika vijitabu vya mauzo, kwa sababu mhandisi anapolinganisha mistari miwili ya mkazo na mgeuko anataka awe na hakika kwamba tofauti anayoiona imetokana na kasi, si na umbo la sampuli.

Pistoni haiwezi kufikia mita 10 kwa sekunde papo hapo. Inahitaji nafasi ya kushika kasi. Kwa hiyo sampuli huunganishwa nayo kwa kiungo kinachoteleza, ambacho huiacha pistoni ikimbie peke yake kwa umbali fulani kabla ya kuinasa sampuli. Kule kunaswa ni pigo, na pigo hutikisa mfumo mzima. Tuseme kishikio pamoja na kihisi chake vina masafa asilia (idadi ya mitetemo ambayo kitu hutetema chenyewe kikigongwa) ya mitetemo 5,000 kwa sekunde: kila mtetemo unachukua milisekunde 0.2, na jaribio la kasi ya 500 kwa sampuli inayorefuka asilimia 20 linadumu milisekunde 0.4. Mstari wa kani utakuwa na mawimbi mawili makubwa yaliyopanda juu ya tabia halisi ya nyenzo, na hakuna uchujaji wa kompyuta utakaotenganisha viwili hivyo kwa uaminifu. Kulainisha mstari huo hadi upendeze machoni ni kishawishi kinachowashinda wengi, na mara nyingi kinachofutwa ni kile hasa kilichokuwa kinatafutwa, yaani mkazo wa mwanzo ambapo chuma kinaanza kulegea.

Tiba zipo. Kihisi cha piezo (kinachotoa umeme kinapobanwa) chepesi na kigumu kikiwekwa karibu kabisa na sampuli hupandisha masafa asilia. Geji za mgeuko (vipande vyembamba vinavyogeuza mgeuko kuwa ishara ya umeme) zikibandikwa juu ya sampuli yenyewe, katika sehemu pana ambayo haitapita kikomo cha unyumbufu, huigeuza sehemu hiyo kuwa kihisi cha kani kisicho na uzito wa ziada. Pete laini ndani ya kiungo kinachoteleza hupunguza ukali wa pigo, ingawa nayo huchelewesha kasi kufikia kiwango kilichokusudiwa. Mgeuko hupimwa vizuri zaidi kwa kamera ya kasi kubwa na kwa kulinganisha picha za madoa yaliyopuliziwa juu ya sampuli. Kwa haya yote, 100 hadi 200 kwa sekunde hufikiwa kwa matokeo mazuri, na 500 hufikiwa kwa jasho. Kiwango cha ISO 26203-2 kinahusu mashine za aina hii kwa metali, na kwa plastiki kipo ISO 18872. Anayehitaji matokeo yatakayokubaliwa na mteja wa sekta ya magari ataanzia hapo.

Mnara wa kudondosha uzito

Huu ni mrahisi kuueleza: uzito hupandishwa, huachiliwa, na unaiangukia sampuli. Kutoka kimo cha mita 1 unafika ukiwa na kasi ya takriban mita 4.4 kwa sekunde, na kutoka mita 5 ni karibu mita 10, kwa kuwa kasi huongezeka kwa kipeuo cha pili cha kimo tu, wala si kwa kimo chenyewe. Uzito wa kilo 20 kutoka mita 1 hubeba jouli 196 hivi.

Mnara hufaa pale ambapo swali ni la bidhaa kuliko la nyenzo: bamba la kompositi (kama plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi) litaumia kiasi gani likidondokewa na chombo cha fundi, kofia ya usalama itapunguza pigo kwa kiasi gani, sanduku la chuma lililo mbele ya gari litajikunja namna gani. Kwa maswali hayo unashinda vyombo vingine vyote, kwa sababu unapokea vitu vikubwa vya umbo lolote na jaribio linarudiwa kwa urahisi. Usitarajie tu kwamba utakupa mstari safi wa mkazo na mgeuko. Kasi ya uzito hupungua kadiri sampuli inavyoimeza nishati, kwa hiyo kasi ya mgeuko mwanzoni na mwishoni mwa jaribio si moja, na kani iliyorekodiwa kwenye pua ya uzito huchanganyika na mtetemo wa uzito wenyewe. Uzito mkubwa unaopoteza sehemu ndogo tu ya nishati yake hupunguza tatizo la kwanza; la pili hubaki.

Pendulamu ya Charpy, iliyopewa jina la Georges Charpy wa Ufaransa na inayotumika tangu mwanzoni mwa karne ya 20, iko katika ukoo huu. Kipande cha milimita 10 kwa 10 kwa 55 chenye mkato wa umbo la V wenye kina cha milimita 2 hupigwa kwa kasi ya mita 5 hivi kwa sekunde, na jibu ni namba moja ya nishati. Namba hiyo ni nzuri kwa kukagua kama chuma cha shehena hii ni kizuri kama cha shehena iliyopita, au kwa kujua ni katika joto gani chuma huacha kunyumbuka na kuanza kupasuka. Haiwezi kuingizwa katika programu ya kuiga ajali, na anayejaribu kufanya hivyo anauliza chombo swali ambalo hakikutengenezwa kulijibu.

Fimbo za Hopkinson

Mwaka 1914 Bertram Hopkinson alichapisha njia ya kupima shinikizo la milipuko na la mgongano wa risasi kwa kutumia fimbo ndefu ya chuma iliyobeba wimbi la mkazo. Mwaka 1949 Herbert Kolsky aliigawa fimbo hiyo mara mbili na kuiweka sampuli katikati, na mpangilio huo ndio unaotumika hadi leo katika maabara nyingi, ukiitwa kwa jina la mmoja wao au la mwingine. Ninaupa nafasi kubwa kuliko wenzake kwa sababu ndio pekee miongoni mwa njia hizi usioyakimbia mawimbi: unayafanya kuwa kipimo chenyewe.

Bunduki ya gesi husukuma fimbo fupi ya kugonga, tuseme ya milimita 300, dhidi ya fimbo ya kwanza. Wimbi linalozaliwa hudumu muda wa wimbi kwenda na kurudi ndani ya fimbo fupi, yaani mikrosekunde 120, na mkazo wake hutegemea kasi ya mgongano: mita 10 kwa sekunde kati ya fimbo za chuma huzaa takriban megapaskali 200. Wimbi likiifikia sampuli, sehemu yake hurudi nyuma na sehemu hupita kwenda fimbo ya pili. Geji zilizobandikwa katikati ya fimbo zote mbili husoma mawimbi matatu: lililoingia, lililorudi na lililopita. Lililorudi hutoa kasi ya mgeuko wa sampuli, lililopita hutoa mkazo wake, na jumla ya lililoingia na lililorudi, kila moja likiwa na alama yake, inapaswa kulingana na lililopita; isipolingana, pande mbili za sampuli hazikuwa chini ya kani moja na jaribio halifai. Uwezo huu wa chombo kujikagua chenyewe ni kitu ambacho mashine ya haidroliki haina, na ndio unaonifanya niamini mstari wa Hopkinson uliofanywa vizuri kwa 1,000 kuliko mstari wa haidroliki uliolainishwa kwa 500.

Sampuli ya milimita 5 ikigongwa hivyo kwa mita 10 kwa sekunde haiwezi kuzidi kasi ya 2,000 kwa sekunde, na kwa mikrosekunde 120 hiyo ni mgeuko usiozidi asilimia 24. Hesabu hii fupi inaonesha uhuru na kifungo cha njia hii kwa pamoja. Muda ni mfupi na haurefuki ila kwa kurefusha fimbo, kwa hiyo kwa kasi ndogo za 100 au 200 wimbi huisha kabla sampuli haijafika mbali, isipokuwa maabara iwe na ukumbi wa kutosha kulaza fimbo za mita nyingi. Eneo lake la asili ni kati ya mia kadhaa na elfu kadhaa kwa sekunde. Kufikia 10,000 kunahitaji fimbo nyembamba na sampuli ndogo sana.

Kubana ndiko kulikoanza na ndiko rahisi. Kuvuta kunahitaji vishikio, skrubu au gundi, na kila kiungo kinarudisha wimbi lake dogo linalochafua kipimo. Kusokota kunawezekana pia, na kuna uzuri wa kutokuwa na msuguano wa kwenye nyuso za sampuli. Kwa kuvuta metali kwa fimbo kuna kiwango cha ISO 26203-1. Kwa kubana, sampuli hufanywa fupi, urefu wake ukiwa nusu ya kipenyo hadi sawa nacho, na nyuso zake hupakwa grisi, la sivyo msuguano huizuia kupanuka na nyenzo huonekana imara kuliko ilivyo.

Jambo lingine la kusema kwa haki ni kwamba vifaa hivi vinaweza kujengwa katika karakana nzuri. Fimbo zilizonyooka kabisa, vishikilio vinavyoziacha ziteleze, bomba la gesi, geji na osiloskopu (chombo cha kuonesha ishara za umeme) yenye kasi: orodha ni fupi. Kinachogharimu ni ujuzi, kwa kuwa chombo hakimlindi mtumiaji dhidi ya uzembe wake. Mashine ya haidroliki ni ununuzi mkubwa unaokuja na programu, mafunzo na mkataba wa matengenezo, na karibu yeyote aliyefunzwa atapata mstari fulani. Fimbo zinahitaji mtu anayesoma ishara mbichi na kuelewa ni nini kimepita wapi.

Nyenzo yenyewe hubadilisha jibu

Yote niliyoyasema hadi hapa yanaifaa metali ya kawaida. Ukibadilisha nyenzo, upendeleo unaweza kugeuka.

Chukua povu la plastiki linalobonyea chini ya megapaskali 1. Kati ya fimbo za chuma zenye kipenyo sawa na chake, wimbi linalopita litaigeuza fimbo ya pili kwa sehemu 5 tu katika milioni, kiasi kinachozama katika kelele za umeme. Fimbo za akriliki, ambazo ugumu wake ni sehemu ndogo ya ule wa chuma, hukuza ishara hiyo makumi ya mara, lakini zenyewe hulipunguza na kulitawanya wimbi linaposafiri, kwa hiyo lazima lisahihishwe kwa hesabu. Mpira laini una shida nyingine: ikiwa wimbi ndani yake husafiri kwa mita 50 kwa sekunde, sampuli ya milimita 5 huvukwa mara moja kwa mikrosekunde 100, na jaribio zima limekwisha kabla upande wa pili haujapata habari kamili. Sampuli inabidi iwe nyembamba sana. Kwa nyenzo kama hizi, ikiwa kasi inayotakiwa haizidi mia chache, mashine ya haidroliki au mnara vina haki ya kufikiriwa kwanza.

Kauri ni kinyume chake. Huvunjika kabla ya kufikia mgeuko wa asilimia 1, na kwa hiyo wimbi linaloingia kwa ukali huivunja kabla mkazo haujasawazika. Dawa ni kuweka kisahani kidogo cha shaba mahali fimbo fupi inapogonga, kikibonyea na kulifanya wimbi lipande taratibu, pamoja na vipande vya kabaidi ya tangsteni kati ya sampuli na fimbo ili kauri isizitoboe. Kasi itakayopatikana ni mamia, si maelfu. Zege linahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu sampuli lazima izidi ukubwa wa kokoto mara kadhaa, na fimbo zenye kipenyo cha milimita 50 hadi 100 si jambo la karakana ndogo. Tena, katika zege sehemu ya ongezeko la nguvu linaloonekana kwa kasi kubwa hutokana na inesha, yaani ukinzani wa masi dhidi ya kusogezwa ghafla: tabaka za nje haziwahi kusogea pembeni na huubana moyo wa sampuli. Anayechukua namba hizo na kuziingiza katika programu ambayo nayo tayari inahesabu inesha, anaihesabu mara mbili.

Kupita elfu kadhaa

Ikiwa kazi ni silaha, kinga dhidi ya vipande vinavyoruka angani, au mlipuko wa karibu, fimbo zinaanza kuishiwa. Jaribio la Taylor, lililotokana na kazi ya G. I. Taylor iliyochapishwa mwaka 1948, hurusha silinda ya nyenzo dhidi ya ukuta mgumu na kupima umbo lililobaki. Halitoi mstari, lakini ni mtihani mzuri wa kuona kama mfumo wa hesabu uliojengwa kwa takwimu za fimbo unaweza kutabiri umbo hilo. Mgongano wa mabamba, unaofanywa kwa bunduki za gesi na kupimwa kwa leza inayosoma mwendo wa uso wa nyuma, hufikia kasi ya 100,000 na zaidi, ila nyenzo humo hubanwa bila kuruhusiwa kupanuka pembeni, na matokeo yake hayawezi kuwekwa kando ya mstari wa kuvuta kana kwamba ni jaribio moja. Isipokuwa kazi inadai, haya hayahitajiki.

Uchaguzi wenyewe

Kwa mabati ya magari na plastiki za ndani ya gari, ambako kasi za 1 hadi 200 ndizo zenye uzito zaidi na sampuli huwa bapa, ningechagua haidroliki, na fimbo kwa kasi moja au mbili za juu. Kwa metali zinazochongwa kwa mashine au zinazokabili risasi, fimbo kwanza. Kwa bidhaa nzima au bamba la kompositi, mnara.

Nyenzo ikihitaji njia mbili, mambo mawili yasisahaulike. La kwanza ni joto. Katika jaribio la polepole joto linalozalishwa na mgeuko hutoroka. Katika jaribio la kasi halina muda. Chuma kilichogeuka asilimia 30 chini ya wastani wa megapaskali 600 hupanda joto kwa nyuzi 40 hivi za selsiasi ikiwa sehemu tisa katika kumi za kazi hiyo zimegeuka joto, na joto hilo hulegeza chuma wakati kasi inakiimarisha. Milinganyo ya kutabiri mkazo wa nyenzo, kama ule wa Johnson na Cook, ambao una sehemu yake ya kasi na sehemu yake ya joto, huharibika mara moja ikiwa viwili hivi havikutenganishwa, kwa hiyo mpango wa majaribio unapaswa kuwa na sampuli chache za polepole zilizopashwa joto.

La pili ni umbo. Sampuli ya fimbo ni ndogo na fupi kuliko ile ya kawaida, na ufupi peke yake unaweza kuongeza mrefuko unaoonekana kabla ya kukatika. Kabla ya kufyatua bunduki, sampuli hiyo hiyo ndogo ivutwe polepole katika mashine ya kawaida, na mstari wake ulinganishwe na ule wa sampuli ya ukubwa wa kawaida. Tofauti yoyote itakayoonekana hapo ni ya umbo, na ipunguzwe kutoka katika kila kitu ambacho baadaye kitaitwa athari ya kasi. Kisha kuwe na angalau kasi moja, kati ya 200 na 500 hivi, ambayo njia zote mbili, haidroliki na fimbo, zimeipima. Mistari hiyo miwili ikiachana kwa zaidi ya mtawanyiko wa sampuli za njia moja, tatizo litafutwe kwanza katika kihisi cha kani cha haidroliki na katika usawa wa kani kwenye fimbo, na takwimu za kasi za juu zaidi zisitolewe mpaka limepatikana.